Uzi: Kuandaa HiAce ya kubebea baiskeli – vipimo, sakafu, vishikio vya foki na yanayoharibika njiani

FundiWaKeko (#1)

Wakuu, habari za muda huu. Naona maswali ya kugeuza HiAce kuwa gari la baiskeli yanazidi, na majibu mengi yanaishia kwenye "zifunge kamba, utafika". Barabara ya lami iliyonyooka utafika kweli. Ukikutana na rasta (matuta madogo ya mfululizo), matuta ya vijijini na kifusi kilichojikunja mawimbi, utafika na fremu zilizochubuka na masikio ya foki (ncha za uma unaoshika tairi la mbele) yenye nyufa. Tuuweke uzi huu sawa, kila anayejua aongeze.

Gari la mfano: HiAce ya H200 (iliyoanza kutoka 2004), bodi ndefu, dari fupi, safu moja ya viti imeachwa nyuma ya dereva. Hapo unabaki na takriban mita 2 za urefu, upana wa mita 1.5 kuta kwa kuta, na kimo cha mita 1.3 hivi. Pima gari lako mwenyewe kwa sababu bodi zinatofautiana. Upana usiupime sakafuni. Upime kwenye kimo ambacho usukani utakaa, maana kuta za HiAce zinaingia ndani kadiri unavyopanda. Sakafuni napo matao ya tairi yanakula sehemu ya upana.

Halafu pima baiskeli:

– Ya barabarani: usukani sm 40 hadi 44, ekseli hadi ekseli karibu mita 1. Ukitoa tairi la mbele, urefu wote ni kama mita 1.35.
– MTB (ya milimani) ya inchi 29: usukani sm 74 hadi 80, ekseli hadi ekseli mita 1.15 hadi 1.25. Ukitoa tairi la mbele, karibu mita 1.6.

Usukani ndio unaoamua zinaingia ngapi. Watu huhesabu kwa upana wa tairi, wanachora nane kwenye karatasi, kisha mlangoni zinaingia tano.

Za barabarani ni rahisi: moja itazame mbele, inayofuata itazame nyuma, katikati ya fremu na fremu acha sm 25. Nusu ya usukani ni sm 21, kwa hiyo haifiki kwenye fremu ya jirani. Mbili zinazotazama upande mmoja zina sm 50 kati yao, hazigusani. Tano zinakula sm 100 za nafasi, jumlisha sm 21 kila pembeni, jumla sm 142. Zinaenea kwenye mita 1.5.

---

SpokiThika (#2)

Asante sana mkuu. Hapo kwa MTB ndipo kuna shida. Nikipanga hivyo hivyo moja mbele moja nyuma, usukani wa moja unagonga wapi? Nina nne za inchi 29, usukani wa sm 78 zote.

---

FundiWaKeko (#3)

Mkuu SpokiThika, unagonga nguzo ya siti ya jirani, tena palepale panapoonyesha mkwaruzo. Sababu ni hii: ukitoa tairi la mbele, pua ya baiskeli inashuka, na usukani unashuka hadi kama sm 80 kutoka sakafuni. Kimo hicho ni chini kidogo ya siti ya ile iliyogeuzwa. Na kwa urefu, usukani upo kama sm 28 nyuma ya ekseli ya mbele, wakati nguzo ya siti ya jirani ipo kama sm 20 kutoka ekseli yake ya nyuma. Vinakutana karibu uso kwa uso.

Dawa ni mbili, na zote zinahitajika kwa pamoja:

Kwanza, sogeza zile zinazotazama nyuma kwa sm 20 hadi 25 kwa urefu wa gari. Una mita 2, baiskeli ni mita 1.6, nafasi ipo. Usukani utapita nje ya siti badala ya kuigonga nguzo.

Pili, zile mbili zinazotazama upande mmoja zinapishana kwa sm 48 tu wakati usukani ni sm 78. Kwa hiyo kishikio cha foki (chuma kinachobana foki tairi likishatolewa) cha moja kiinue sm 15 kuliko mwenzake, usukani mmoja upite juu ya mwingine. Usisahau nyaya za breki na levers (mikono ya breki) zinaning'inia chini ya usukani. Ukiinua sm 8 tu, levers za juu zitakaa juu ya usukani wa chini.

Hesabu yako: sm 39 kila pembeni ni 78, zinabaki 72, gawa kwa nafasi tatu ni sm 24. Nne zinaingia kwenye mita 1.5, ya tano haiingii. Anayekuambia zinaingia sita kwa mpangilio huu amelegeza stemu (kipande kinachoshika usukani) na kugeuza usukani. Inawezekana, lakini kila safari unatakiwa kukaza upya stemu kwa kipimo (nyingi ni Nm 5, yaani nyutoni-mita za ukazaji, soma maandishi yaliyochapwa pale pale), na ukikosea usukani unageuka mikononi mwa mtu akiwa mteremkoni. Mimi siupendi mpango huo kabisa.

---

DadaKarakana (#4)

Vipimo vimekaa vizuri. Niongeze sakafu na mahali pa kufungia, maana hapa ndipo naona makosa ya hatari.

Plaiwudi ni ya kukanyagia tu. Isibebe mzigo wowote wa kufungia. Ukipiga skrubu za mbao kwenye plaiwudi na kufunga kishikio cha foki hapo, mtikisiko unazilegeza taratibu, mashimo yanakuwa mapana, na siku ya breki kali kishikio kinang'oka na skrubu zake.

Gari tayari lina sehemu imara: matundu ya bolti za viti ulivyovitoa na matundu ya mikanda ya usalama. Anzia hapo. Tahadhari: bolti za mikanda ya usalama zina meno ya inchi, 7/16 yenye meno 20 kwa inchi, na zinafanana kwa macho na M11 au M12. Ukilazimisha M12 unaharibu meno ya nati iliyochomelewa ndani ya bodi, na kuitengeneza ni kazi ya kukata bati. Bolti za viti nazo mara nyingi ni za meno madogo, kwa hiyo chukua bolti ya zamani uende nayo dukani ukalinganishe.

Utaratibu:

1. Toa viti, zulia na mipira yote. Osha, kausha, kwangua kutu, piga redoksaidi (rangi ya kuzuia kutu) kisha rangi. Kutu ukiifunika na plaiwudi inaendelea kula kimyakimya.

2. Funga chaneli mbili za chuma za C, zile za mm 41 kwa 41 wanazouza maduka ya vifaa vya umeme kwa ajili ya kubebea trei za nyaya. Chukua zenye unene wa mm 2.5, nyepesi zaidi ya hapo hupanuka mdomo. Moja kushoto, moja kulia, zikienda kwa urefu wa gari, kwenye matundu ya viti. Nati zake za springi za M10 zinateleza ndani ya chaneli, hivyo unaweza kusogeza kila kitu bila kutoboa tena.

3. Kama lazima utoboe, ingia chini ya gari kwanza na tochi. Kuna tangi la mafuta, mabomba ya breki, nyaya, na kwenye gari zenye AC ya nyuma kuna mabomba ya gesi. Weka bati la chuma la mm 50 kwa 50, unene mm 3 au zaidi, chini ya sakafu kwa kila bolti. Washa ndogo inazama kwenye bati la sakafu kama kidole kwenye unga. Shimo lipake rangi kabla bolti haijaingia, kisha silikoni.

4. Plaiwudi ya marine mm 12 inatosha ukiweka kati ya chaneli. Ya mm 18 ni imara zaidi, ila ubao mmoja wa mm 2440 kwa 1220 una uzito wa kilo 30 na ushee, na unapoteza kimo. Pande zote na kingo zilizokatwa zipigwe vanishi. Maji huingilia kwenye kingo.

5. Bolti zote daraja la 8.8, nati zenye nailoni. M8 kaza Nm 25, M10 kama Nm 45 hadi 50. Baada ya kilomita 100 za kwanza za barabara mbovu, rudia kukaza zote. Rangi na plaiwudi zinajibana, bolti iliyokuwa imekaza inakuwa legelege bila kufunguka hata robo.

---

Kerezo_Mwanza (#5)

Dada kamaliza. Mimi nizungumzie vishikio vya foki, kwani vya dukani ni adimu huku kwetu na fundi wa kerezo (mashine ya kuchonga chuma) anaweza kuvichonga vizuri tu, mradi umpe vipimo sahihi.

Jua kwanza aina ya ekseli ya mbele. Zinazokutana sana: kwiki rilizi (inayofunguliwa kwa mkono bila spana), upana wa mm 100 na sikio la mm 9, ekseli ya kupenya ya barabarani, mm 12 kwa 100 (kipenyo kwa upana), na za MTB, 15 kwa 100 na 15 kwa 110.

Ya kwiki: chuma cha mviringo mm 25, urefu mm 100 kamili kati ya mabega, na kila ncha itokeze kijiti cha kipenyo cha mm 9. Tundu la mm 5.5 lipite katikati kwa ajili ya fimbo ya kwiki. Urefu wa kijiti usizidi mm 4.5. Sikio la foki lina unene wa mm 5 au 6. Kijiti kikiwa kirefu kuliko sikio, kwiki inabana kijiti badala ya kubana sikio. Mkononi utahisi imekaza, lakini baiskeli ina uhuru wa kucheza. Kosa hili ndilo linalotoa foki nyingi njiani.

Ya kupenya: bomba lenye tundu la mm 15.1 (au 12.1), urefu mm 110 au 100 kamili, na unatumia ekseli ya baiskeli yenyewe. Likipungua mm 1, ukikaza unavuta miguu ya foki kuingia ndani. Likizidi, haliingii. Kipenyo cha ncha kisizidi kile cha ncha ya habu (kitovu cha tairi) halisi, kwa sababu kinatakiwa kukaa ndani ya kibonde cha foki. Beba habu kwa fundi, apime kwa kalipa. Mwambie asafishe makali ya kingo, chuma kikali kinakwaruza magneziamu ya foki.

Chomelea kila kipande juu ya bati la mm 5 lenye matundu mawili ya M8, kisha bati lifungwe kwenye skwea paipu ya mm 40 kwa 40 inayokatiza gari kutoka chaneli moja hadi nyingine. Skwea paipu mbili: moja nyuma ya viti, moja karibu na mlango, kwa kuwa baiskeli zinatazama pande zote mbili. Kwenye paipu tumia vipande vya bomba ndani ya matundu ya bolti, la sivyo ukikaza paipu inabonyea na bolti haibaki imekaza.

Kimo cha ekseli: sm 15 juu ya sakafu kwa zile za chini. Ukishusha zaidi, pedali ya baiskeli ya barabarani inagusa sakafu kranki (mkono wa pedali) ikiwa wima. Hata kwa sm 15, acha kranki zilale.

---

SpokiThika (#6)

Kerezo, hiyo ya kijiti cha 4.5 nimeielewa, shukrani sana. Swali: kama foki imebanwa sawasawa, bado kuna haja ya kufunga nyuma? Wengine wanaacha tairi la nyuma likae tu.

---

Kerezo_Mwanza (#7)

Haja ipo, tena kubwa, mkuu. Foki peke yake ni bawaba. Kwenye lami tairi la nyuma linatulia, lakini kwenye mawimbi ya kifusi linaruka juu na kutua mamia ya mara kwa saa, na kila likiyumba kushoto na kulia mzigo wote unapindia masikio ya foki. Masikio yametengenezwa kubeba mzigo wa juu kwenda chini, hayakutengenezwa kwa kupindwa pembeni. Foki ya kaboni hupasuka hapo, ya aluminiamu huota ufa mdogo usiouona hadi uisafishe.

Tairi la nyuma likae ndani ya mfereji (chaneli ya U yenye upana unaozidi tairi kwa sm 1), kisha mkanda wa bizimu ya kubana wenye upana wa mm 25 upite juu ya rimu na kushuka kwenye mfereji. Kaza kwa mkono hadi tairi libonyee kidogo, basi.

Mipira ya tyubu tunayofungia mizigo haifai kazi hii. Inanyumbuka, kwa hiyo inairuhusu baiskeli iruke halafu inairudisha kwa kasi. Tyubu kuukuu itumie kuvishia pale mkanda unapogusa rimu. Na mikanda ya kurachet (yenye kikazio cha meno) iwekwe mbali na baiskeli: nguvu yake ni ya kufungia magunia, inavunja mrija wa kaboni bila mtu kusikia mlio. Usifunge pia mkanda juu ya usukani kushindilia foki yenye springi, unabana sili (mipira inayozuia mafuta ya foki) kwa saa nyingi.

---

MzeeWaPhoenix (#8)

Wanangu, mmezungumzia za mashindano. Na sisi tunaobeba Phoenix, Hero na zile Wakenya wanaziita Black Mamba? Za watalii wa mjini na za miradi ya vijijini ni hizo. Kutoa tairi la mbele ni spana ya 15 pande zote, madigadi yanazuia, breki ni za fimbo za chuma. Vishikio vya foki havitusaidii.

---

FundiWaKeko (#9)

Shikamoo mzee. Ni kweli kabisa, hizo zibaki na tairi zote mbili. Zina kilo 20 hivi kila moja na urefu unakaribia mita 1.9, kwa hiyo zinakula karibu mita zote mbili ulizonazo, na hakuna nafasi ya kusogeza moja mbele ya nyingine.

Mpango unaokubali: mfereji wa U kwa kila baiskeli, wa urefu wote, na mbele ya mfereji kitanzi cha bomba la mm 20 kinachokumbatia tairi la mbele pande mbili hadi nusu ya kimo chake. Kisha bomba moja la mlalo, kimo cha sm 60 hadi 70, likatize gari likifungwa kwenye nguzo za bodi. Kila fremu inafungwa kwenye bomba hilo kwa mkanda kupitia mrija wa siti. Bomba livishwe povu lile la kuhami mabomba ya AC.

Zigeuze mbele nyuma kama zile nyingine. Usukani wake ni mwembamba, kwa hiyo acha sm 30, ila keria za nyuma zinagombana na kanyagio la jirani; kranki zilale zote. Nne zinakaa vizuri. Stendi ya chini ifungwe isiteremke.

---

NjiaKuu_Iringa (#10)

Jambo ambalo halijatajwa: wavu kati ya mzigo na watu. Safu ya viti imebaki, kwa hiyo kuna vichwa vya watu nusu mita kutoka kwenye kranki na diski.

Viwango vya Ulaya vya kufunga mizigo vinahesabu nguvu ya mbele ya 0.8 ya uzito wakati wa breki kali na 0.5 kwa pembeni na nyuma. Baiskeli ya kilo 14 inavuta kama kilo 11, ndogo. Kwenye ajali ya uso kwa uso nguvu hupanda hadi mara ishirini na zaidi, na baiskeli hiyo hiyo inakuwa mzigo wa karibu kilo 300 unaokwenda mbele. Wavu wa chuma wenye macho ya mm 50 kwa 50, waya wa mm 4, fremu ya skwea paipu ya mm 25, ufungwe kwenye sehemu za mikanda ya usalama na kwenye chaneli. Usifungwe kwenye plastiki za ndani.

Pampu ya miguu, boksi la spana na ndoo ya maji visikae vikielea. Mtu huwekeza kwenye vishikio, halafu anaacha jeki ya chuma chini ya baiskeli.

Upande wa karatasi: ukibadili idadi ya viti na matumizi ya gari, kadi ya gari iendane na hali halisi. Tanzania anzia TRA, Kenya NTSA, na mjulishe wa bima kwa maandishi kabla ya kuanza kazi. Bima ya gari la abiria 14 kwenye gari lililojaa chuma inaleta mabishano siku ya madai.

---

DadaKarakana (#11)

Umesema kweli kaka. Sasa vitu vidogo vinavyokera baada ya kila kitu kukaa sawa.

Breki za diski za mafuta: ukitoa tairi na mtu akagusa lever, pistoni zinatoka na tairi halirudi. Kata kipande cha plastiki ngumu cha mm 2, kichomeke kati ya pedi kabla baiskeli haijaingia garini. Tairi za mbele zilizotolewa zining'inizwe kwenye bomba la ukutani, kila moja ndani ya mfuko au na zulia kuukuu katikati. Diski ikigongana na spoki za jirani inapinda, na diski iliyopinda kidogo tu inalia safari nzima. Fimbo za kwiki na ekseli ziwekwe kwenye mfuko mmoja wenye alama ya baiskeli husika.

Vumbi: HiAce inavuta vumbi kupitia mlango wa nyuma kwa sababu hewa nyuma ya gari ina shinikizo dogo. Ukifungua madirisha ya nyuma unazidisha uvutaji. Badilisha mpira wa mlango kama umelala, ziba matundu ya zamani ya sakafu, kisha feni ya dereva iwe kwenye hewa ya nje, kasi ya juu, madirisha yote yamefungwa. Shinikizo la ndani linapanda na vumbi linapungua sana. Mnyororo uliopakwa oili nyingi kabla ya safari unageuka msasa, paka ukifika.

Joto: gari lililoegeshwa juani Dodoma au Garissa linapita nyuzi 50 ndani. Tairi ya paundi 72 iliyojazwa kwenye nyuzi 25 inafika kama 82 kwenye nyuzi 60. Rimu za kisasa zisizo na ndoano ukingoni zina kikomo cha paundi 72.5, kwa hiyo punguza upepo kabla ya kupakia. Vichupa vya gesi ya CO2 na betri za baiskeli za umeme visiachwe humo.

---

SpokiThika (#12)

Dada, shukrani. La mwisho kwangu: taa za nyuma za kupakia usiku, natoa umeme wapi?

---

DadaKarakana (#13)

Chukua kwenye betri moja kwa moja, weka fyuzi ya ampea 5 ndani ya sm 20 kutoka kwenye betri, waya wa mm² 1.5, upitishe ndani ya bomba laini la plastiki na mpira wa kulinda kila unapopenya bati. Swichi iwe kwenye nguzo ya mlango wa nyuma. Utepe wa LED wa volti 12 uuweke kwenye kona ya dari pande zote mbili, kwa kuwa taa ya katikati huzibwa na siti na usukani, na foki zinabaki gizani. Usichukue umeme kwenye waya wa taa za nyuma za gari. Ukipata shoti unapoteza na taa za barabarani.

---

MzeeWaPhoenix (#14)

Marahaba FundiWaKeko, nimeona mpango wa mifereji. Chaneli ya U ya upana gani kwa tairi ya 28 kwa 1½?

---

FundiWaKeko (#15)

Tairi hiyo ina upana wa mm 38 hadi 40, mzee. Chaneli ya ndani mm 50, ukuta mm 25 kwenda juu. Ukiipata ya mm 75 usiichukue, tairi litacheza kushoto na kulia na kitanzi cha mbele kitafanya kazi yote peke yake. Toboa matundu ya mm 8 chini kila sm 30, maji na mchanga vitoke.